Rangi ya Tatu ya Domitille

Domitille Mbayo alivaa funguo shingoni kwa kamba ya kiatu, na ile funguo ilimwachia alama ya kijani kwenye ngozi, kama shaba inavyofanya. Watu walisema ni funguo ya dhahabu ya marehemu. Si kweli. Marehemu Antoine alikuwa fundi wa umeme wa kampuni, na fundi wa umeme haachi dhahabu. Aliacha nyumba yao hapa Kapata, mtaa wa Kolwezi, inayogusana ukuta na yangu, na baiskeli isiyo na mnyororo. Funguo ilikuwa ya sanduku la bati, na ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi ngumu, vipande vya mpira na sponji. Nalisema mapema, kwa sababu watu wa leo wakiona funguo shingoni mwa mjane wanafikiri pesa tu, makuta.

Alikuwa anatengeneza kadi. Kadi za ndoa, za ubatizo, za komunyo ya kwanza, za Noeli na Bonane ya mwaka mpya, hata ya kumshukuru daktari. Siku hizi watu wanatumiana maua kwenye simu, maua yaleyale kwa kila mtu, na kesho yake simu ikijaa wanayafuta. Kadi ya Domitille haikufutwa. Ilibandikwa ukutani mwa salon, chumba cha wageni, karibu na picha ya arusi, na mgeni aliisoma kabla ya kukaa. Mtu akioa bila kadi yake, wakwe walianza kuulizana ile ndoa ilikuwa na haraka ya nini.

Kazi hiyo aliipata Lubudi, mahali alikozaliwa, baba yake akiwa mtu wa reli. Kulikuwa na sista mmoja mzee aliyepokea kadi kutoka kwao ng'ambo kila Noeli. Sista yule akawafundisha wasichana kuchonga nyota kwenye kiazi kitamu, kuichovya ndani ya wino na kuipiga kwenye karatasi. Wasichana wengine walikula viazi, Domitille akachonga. Alipoletwa Kapata kama bibi arusi alikuwa ameshaacha viazi. Alichonga kwa wembe kwenye soli ya kandambili, kisha akaigundisha kwenye kipande cha ubao, na huo ndio ulikuwa muhuri wake. Alikuwa na muhuri wa njiwa wawili, wa gunzi la muhindi, wa kikapu, na wa ndege kanga. Kanga alipendwa kuliko wote. Mguu wake wa kuume una kidole kifupi, maana siku ya kumchonga wembe uliteleza, na Domitille hakutaka kutupa soli nzima kwa sababu ya kidole.

Lakini muhuri hata mtoto anaweza kupiga. Kazi yenyewe ilikuwa mbingu nyuma ya kanga. Alikata sponji ya godoro, akaichovya kidogo, akaizungusha juu ya karatasi polepole, bila kukandamiza, mpaka rangi moja iingie ndani ya nyingine na usione zilipokutana. Chini ilikaa kahawa iliyochemshwa mpaka ikawa nzito. Katikati, wino mwekundu wa kuchapia vitabu, aliokuwa anaupata misioni. Juu kabisa, zambarau. Ukitazama unaona jioni ya mwezi wa nane, majani yanapochomwa na moshi unapanda. Mtu wa mkoa wetu wa Lualaba akiona mbingu ile haulizi ni ya wapi.

Ile zambarau hakuna aliyejua anaitoa wapi. Ilipofika zamu yake, Domitille alimtuma kila mtu nje. Ungekuwa dada yake, ungekuwa padri, unaambiwa kuna chungu kinaungua. Mlango unafungwa, na ukifunguliwa mbingu imekwisha.

Mi nilijua. Nilimwona mara nyingi akitoka duka la dawa na chupa ndogo ya jansiani, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, na nyumbani kwake hakukuwa na mtu mwenye kidonda. Sikusema kitu. Jirani akificha jambo, mwachie alifiche, lakini macho usifunge.

Domitille alizaa mtoto mmoja tu, Dimitri, dereva wa kamyo ya mizigo. Dimitri alimuoa Jémima, binti ya Tata Mechack wa Musonoi, kule kwenye mashimo ya madini. Domitille hakuukataa ule ukwe, ila aliupokea akiwa ameshika pua.

"Batu ba Musonoi banachimbaka hata chini ya kitanda," aliniambia siku ya mahari. "Utaona, huyu atatuchimbia nyumba."

"Binti ana adabu," nikasema.

"Mwizi mwenye adabu njo mubaya zaidi. Ule asiye na adabu unamusikia akikuya."

Jémima hakuchimba nyumba. Alifua, alitwanga, alizaa mtoto wa kike, Laure, na alipenda karatasi. Alisimama mlangoni akitazama mkono wa mama mkwe wake ukizunguka, hata Domitille akachoka kumfukuza. Akamfundisha kahawa. Mwaka uliofuata akamfundisha nyekundu. Msichana alikuwa na mkono mwepesi, labda mwepesi kuliko wa mwalimu, na hilo pia Domitille alilitilia mashaka.

"Na zambarau, utamufundisha wakati gani?" nikamwuliza.

"Siku yenye nitamuamini."

"Ni siku gani ile?"

"Mama Tatiana, mi siko nabii."

Basi kwa rangi mbili Jémima alikaa ndani, kwa ya tatu alitumwa kuangalia chungu. Kwenye chungu hakukuwa na kitu cha kuangalia, na wote tulijua.

Ndipo ikafika ile asubuhi ya sokoni, mvua zilikuwa zimeanza. Tulikwenda kutafuta samaki wa kukauka. Karibu na mlango kuna meza ya Ntumba, mwanamke anayeuzisha kalamu, bahasha na kadi zilizochapwa mashineni. Domitille alikuwa na desturi ya kupita pale akicheka kidogo kwa pua. Siku hiyo alisimama.

Katikati ya zile kadi kulikuwa na kanga. Domitille aliichukua, akaipeleka karibu na jicho, akaanza kwenye kilemba cha ndege, akashuka mpaka miguuni. Kidole kilikuwa kifupi.

"Yambo, mama," Ntumba akasema. "Ile ni ya muzuri. Ni ya mukono, haiko ya mashini."

"Ninaona. Ni mukono ya nani?"

"Mama, mi nauzisha. Siulizake kanga alitoka ku kiota gani."

"Nani alikuletea?"

"Batu banakuyaka, banaendaka. Unanunua ao haununue?"

Domitille hakununua. Aliigeuza kadi kwenye mwanga, akairudisha mahali pake kwa vidole viwili, kama mtu anayerudisha yai la nyoka. Samaki tuliwasahau. Njia nzima hakusema, na mi nikanyamaza pia, maana mtu anayewaza wizi ukimsemesha anakuweka kwanza wewe kwenye hesabu. Tulipofika kwenye kona ya kisima ndipo akafungua kinywa.

"Uliona mbingu?"

"Niliiona. Iko na kahawa, iko na nyekundu."

"Na juu?"

"Juu ni mweupe."

"Juu ni mweupe," akasema naye, na nilisikia anafurahi, furaha ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Mwizi ni mutu mwenye kujua rangi mbili, na ya tatu haijui. Sasa uniambie, Mama Tatiana, mu Kolwezi muzima, mutu wa vile ni nani?"

Nilipeleleza kila upande, na kila upande ulinirudisha kwa Jémima. Muhuri ulikuwa ndani ya sanduku, sanduku lilikuwa ndani ya chumba, na mtu mwingine wa kuingia mle hakuwepo.

Jémima alikuwa uani anatwanga sombe ya majani ya muhogo, mtoto mgongoni. Dimitri alikuwa amepumzika siku hiyo, anaosha viatu. Domitille hakumwita Jémima ndani. Alisema palepale, penye majirani wenye ndoo.

"Jémima, kanga yangu iko ku soko. Alienda na miguu yake?"

"Kanga gani, mama?"

"Ile yenye kidole kifupi. Unamujua. Ulipiga kashe, ule muhuri wangu, mara ngapi, ukamupelekea Ntumba?"

Jémima aliacha mtwangio ndani ya kinu. "Mi simujue Ntumba."

"Hata mwizi hamujue polisi."

"Mama, mi siko mwizi. Sanduku iko na funguo, funguo iko mu shingo yako. Nitaifungua na nini?"

"Njo kile ninajiuliza. Batu ba Musonoi banafunguaka udongo bila funguo, banashindwa sanduku?"

Wanawake wa kisimani walicheka, halafu waliona uso wa Jémima wakaacha. Yeye alimtazama mume wake. Dimitri alikuwa amesimama na kiatu kimoja mkononi, katikati ya wanawake wale wawili, kama mlango uliobaki baada ya nyumba kuvunjwa.

"Dimitri, sema neno," Jémima akasema.

"Mama ajifikirie kwanza, na weye ujifikirie," Dimitri akasema.

Lilikuwa neno bovu kuliko kunyamaza. Jémima alimaliza kutwanga sombe, akaimimina kwenye sufuria na kufunika. Akafunga nguo zake katika kitenge, akapanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, na mtoto mgongoni. Alipopita mbele yangu hakuniaga. Labda alifikiri ni mi niliyemchongea, na sikumlaumu. Mi pia nilikuwa nimemtazama vidole nione kama vina wino.

Kwetu mke akirudi kwa baba yake kwa jambo la jikoni, watu wanangoja, hasira inapoa, anarudi na unga wa nyumbani kwao. Akirudi kwa jina la mwizi, hangojwi. Jina hilo likikaa bila kuondolewa, baba yake anarudisha mahari, ndoa inakufa, na mtoto anakulia upande mmoja. Dimitri alijua. Alikuwa anakwenda Musonoi kila anaposhuka kwenye kamyo, na kila mara Tata Mechack alimpokea vizuri, akampa kiti, akampa maji, na hakumpa mke.

"Shauri halikuwe yako," alimwambia. "Mwenye kusema jina ya mwizi, yeye njo ataiondoa."

Domitille naye alikaa peke yake na sanduku, na mashaka yalinenepa. Alibadilisha kufuli. Akaweka uzi mwembamba juu ya kifuniko, apate kujua kama mtu amefungua, na siku aliyoukuta umeanguka hakula. Nilimwambia ni mende.

"Unajuaje kama ni mende?"

"Kwangu pia biko. Ukuta ni moja."

"Ukuta ni moja," akasema, akaenda kupapasa ukuta kama kuna tundu. Miaka yote tumezikiana watu, tumepokeana chumvi juu ya uzio, na siku ile niliona ameniweka mahali pa Jémima.

Kadi za kanga hazikuacha kutokea sokoni. Jémima hayupo, kufuli ni jipya, na bado kanga wanatua kwenye meza ya Ntumba, na mbingu yao haina juu. Nilimwambia Domitille.

"Aliiba mingi kabla ya kuenda," akasema.

"Na wiki ijayo zikiwa bado ziko?"

"Basi aliiba mingi sana."

Hapo ndipo mi nilianza kuwa na mashaka ya aina nyingine. Shtaka likimeza kila jibu unalolipa, kuna mahali limeoza. Lakini nilikuwa sijui ni wapi.

Tulijua kwenye kilio. Mume wa Noëlla alifariki, safu ya tatu kutoka kwetu, mtu mpole aliyefanya kazi ya karani. Tulikwenda kuketi na mjane. Viti vilikuwa vimetolewa nje kwa wanaume, sisi wanawake tulikaa chini juu ya mikeka ndani ya salon, Noëlla kwenye godoro katikati. Ukutani, kutazamana na dirisha, picha ya arusi yao ilikuwa bado imetundikwa, na ubavuni mwake kadi yao ya ndoa, kona moja imefunikwa na fremu ya picha. Kanga wawili, kazi ya Domitille ya zamani.

Domitille mwenyewe hakuwa na kadi yake hata moja ya zamani. Alikuwa anaiuzisha mbichi, haioni tena. Na kwenye nyumba za watu, akikaa kitini, anatazama mtu anayesema naye. Siku hiyo tulikuwa chini, vichwa vinaegemea, na jicho halina pa kwenda ila ukutani. Nilimwona anatazama. Akaacha kuimba. Halafu akasimama.

Kwenye kilio mwanamke hasimami ovyo, na haendi kugusa kitu cha marehemu kabla familia haijakigusa. Domitille alipita katikati ya miguu ya watu mpaka ukutani, akaweka kidole gumba juu ya kadi. Wimbo ulikatika.

"Mama, unatafuta nini ku ukuta ya mufu?" aliuliza dada wa marehemu, Joyeuse, mwanamke asiyeogopa mtu.

Kidole cha Domitille kilikuwa juu ya mbingu, mahali palipokuwa peupe.

"Ninakuuliza. Kaka yangu hajazikwa, na weye uko unapapasa ndoa yake. Unachukua nini?"

Nilisikia wanawake wakivuta nguo zao karibu na mwili. Neno ambalo halikusemwa lilikuwa chumbani, kila mtu alilijua. Mzee, mjane, mwenye chumba kinachofungwa, anashika kadi yenye jina la mtu aliyekufa. Kwa kidogo kuliko hilo wengine wamefukuzwa kwa mawe. Na niliwaza: hivi ndivyo inavyoonekana kuwa Jémima.

Domitille alishika fremu ya picha kwa kucha, akaisogeza kidogo upande. Chini ya fremu, kwenye ile kona ambayo jua la dirisha halikufika, kulikuwa na zambarau. Nzito, kama siku aliyoipaka. Nje ya kona, ilipopigwa na jua mwaka hata mwaka, hakukuwa na kitu. Kahawa ilibaki, nyekundu ilibaki, zambarau ilikuwa imekimbia.

Aliirudisha fremu ilivyokuwa. Akapiga magoti mbele ya Noëlla.

"Unisamehe, mama. Sikuchukua kitu. Niliangalia kazi yangu."

Noëlla alimtazama kwa macho ya mtu ambaye hajalala. "Ikala chini," akamwambia. "Joyeuse, umuache." Domitille akaja kukaa karibu nami.

"Zile za soko," akaninong'oneza. "Ni za zamani. Zilikula jua. Ni zangu mwenyewe, Mama Tatiana. Hakuna mutu alipiga kashe."

Siku ya kuondoa kilio tulipita moja kwa moja sokoni. Domitille alichukua kadi mezani, na safari hii hakuitazama kwa jicho. Alipitisha kucha ukingoni. Karatasi ya juu ikainuka. Ilikuwa imekatwa kwenye kadi ya zamani na kugundishwa juu ya karatasi mpya kwa uji wa unga wa muhogo.

"Ntumba," akasema, "hii ulikata wapi?"

Ntumba alitazama kushoto na kuume, akaona hakuna polisi, akajituliza. "Mama, batu banahama. Kampuni inabahamisha, banatoa bitu ku ukuta, banatupa. Wengine banafiwa, hawataki kuona. Wengine banaachana. Mi naokota, nakata, nagundisha. Ni makosa?"

"Ni kadi ya ndoa ya batu."

"Ndoa ilikufa. Kanga iko muzima." Akapanga bahasha zake. "Kama hautaki kadi yako irudie ku soko, ukae nayo ku nyumba. Usiuzishe."

Mi nilicheka, Mungu anisamehe. Domitille hakucheka. Kumjua mwizi kungemsaidia, angekuwa na mtu wa kumkasirikia. Sasa hakuwa na mtu.

Alijifungia na kutengeneza kadi ya kumpelekea Jémima. Niliiona kabla haijaondoka, na nimeona nyingi. Kanga mmoja, mbingu juu yake yenye rangi zote tatu, zimeingiana kama maziwa ndani ya chai. Ndani aliandika "Mwana wangu, unisamehe", kwa mwandiko wa masista. Akampa Dimitri aipeleke Musonoi.

Dimitri aliirudisha jioni ileile, ndani ya bahasha yake.

"Tata Mechack anasema asanti, ni muzuri sana," alisema, akitazama chini.

"Na juu ya nini uliirudisha?"

"Anasema karatasi haipikwe."

Domitille alikasirika, hasira ya saa moja. Yeye ndiye mtu ambaye kwa kadi yake watu wa mji huu wameombana mahari, wamepongezana, wamesameheana. Halafu ikapoa, kwa sababu alijua, kama mi ninavyojua. Mtu aliyeitwa mwizi mbele ya watu anaombwa msamaha mbele ya watu, kwa kinywa, kwa miguu iliyosimama, na kuku aliye hai. Mwenye kushtakiwa akimchukua kuku kwa mkono wake, neno limekufa. Akimwacha chini, linaishi.

Tulikwenda siku ya Mungu baada ya misa. Domitille, mi, na Tata Barnabé, mdogo wa marehemu Antoine, kwa kuwa wanawake peke yao hawafanyi shauri hilo. Domitille aliwaomba pia wale wanawake wawili wa kisimani waliocheka, nao walikuja, mmoja kwa aibu na mwingine kwa kutaka kuona. Taxi-moto tano kwenye matope, kuku mikononi mwangu, miguu imefungwa. Tulipoingia Musonoi baruti zilikuwa zinalipuka kwenye shimo kubwa, kuku akaninyea kitenge. Sikusema kitu, haikuwa siku yangu.

Tata Mechack alitupa viti. Jémima alisimama mlangoni, Laure kiunoni. Tata Barnabé alianza kwa mizunguko mingi, habari za mvua na za barabara, mpaka Domitille akasimama na kumkata.

"Tata Mechack, nilimwita mwana wako mwizi. Hakuiba. Macho yangu njo yaliiba. Bale baliosikia balikuya na mi, basikie na hii."

Nilimweka kuku chini, katikati ya uwanja. Akalala ubavu akipumua. Watu wote walimtazama kuku, na Jémima alimtazama mama mkwe wake.

"Mama," akasema, "ulinishtaki juu ya rangi mbili."

"Ni vile."

"Ningejua tatu, haungenishtaki."

"Nitakufundisha ya tatu," Domitille akasema. Alilisema kwa sauti, mbele yetu sote, na nilijua limemtoka wapi, maana hata Antoine alizikwa bila kuambiwa. "Ni dawa ya—"

"Hapana." Jémima aliinua mkono. "Usiseme, mama. Hapana hapa, hapana kule. Sitaki kuijua."

"Juu ya nini? Si ulikuwa unaingojea?"

"Niliingojea sana. Lakini siku moja itapotea tena mahali, ao itatokea mahali. Utauliza nani anaijua. Utakuta ni batu babili, weye na mi, na weye haujishtakake."

Hakuna aliyecheka. Tata Mechack alitazama viatu vyake. Domitille alibaki amesimama, na nilidhani tutarudi na kuku wetu.

"Nitarudi," Jémima akasema. "Dimitri ni bwana yangu, na mutoto anamuuliza. Lakini nitapiga kashe yangu, ku meza yangu, na sanduku yangu itakaa wazi. Na weye ukae na yako."

Akashuka, akamkamata kuku kwa mabawa, akampeleka jikoni. Wanawake wa kisimani wakapiga vigelegele, kwa kuchelewa, kama watu walioamshwa.

Sasa ni mwaka na zaidi. Barazani kwa jirani zangu kuna meza mbili. Jémima amechonga bata, muhogo, na kamyo ya Dimitri ambayo watoto wanaipenda. Mbingu yake ni ya kahawa na nyekundu, na juu ameacha karatasi ilivyo, na wateja wengine wanasema wanapenda hivyo, ni kama asubuhi. Domitille bado anauzisha kanga. Anawaambia watu waibandike mbali na dirisha, na hasemi kwa nini. Wanakula pamoja, wanamwogesha Laure pamoja. Nikiwa uani nasikia wanacheka, na nikitega sikio zaidi nasikia pia wanavyochagua maneno.

Domitille hamtumi tena mtu kwenye chungu. Anaiweka chupa ya zambarau juu ya meza, mahali pa wazi, jina la dawa limegeukia meza ya Jémima. Anachovya sponji na kuizungusha polepole, polepole kuliko kazi inavyotaka. Na kila akisikia kizibo kinafunguliwa, Jémima anageuza kiti chake, anatazama barabara mpaka mbingu ikauke.